Kichwa Kisichobeba

Mke wangu Mwantum amefariki kiangazi hiki. Wanawake waliomwosha walimvua kitambaa cha kichwani wakakuta utosini hapana nywele. Mahali penye upana wa kiganja, ngozi tupu, inang'aa kama kibuyu cha zamani. Miaka yote hawakupaona. Hakuna aliyepaona ila mimi. Mmoja wao akatoka nje akaniuliza, "Babu, bibi aliugua nini kichwani?"

Nikasema, "Maradhi ya zamani."

Nilimdanganya. Maradhi yenyewe ni mimi.

Naitwa Madeje. Zamani za Wadachi nilikuwa mtemi. Watu wa mbali wakisikia mtemi hudhani ni mfalme, mwenye ngoma kubwa na wake arobaini. Wa namna hiyo walikuwepo, sikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa mtemi wa kilima kimoja magharibi ya Zuzu, tembe kumi na tisa. Ukisimama juu ya paa langu ukapiga mbinja, nchi yangu yote imesikia.

Utemi huo niliurithi kwa baba, naye kwa babu, mpaka kwa yule wa kwanza aliyekata pori akawasha moto pale. Ulikuwa na vitu vitatu: kigoda cha miguu mitatu, bangili ya chuma, na nguo nyeusi ya kuombea mvua. Ng'ombe walikuwepo pia. Sotoka ikawamaliza mimi nikiwa kijana. Walikufa wakiwa wamesimama, mmoja baada ya mwingine, tukachoka hata kuchuna. Baada ya hapo nilibaki na kigoda.

Faida ya jina hilo ilikuwa hii. Nilisalimiwa kwanza. Mnyama akiuawa porini, paja moja ni langu, ila wanyama nao walikuwa wamekwisha. Mvua ikichelewa, mimi ndiye niliyevaa nguo nyeusi nikaenda makaburini kwa wazee kuomba. Na kubwa kuliko yote, kichwa changu hakikubeba mzigo. Siku ya kukalishwa kigodani nilipakwa samli utosini. Kichwa kilichopakwa samli hakiwekewi mtungi, wala kuni, wala kikapu. Mzigo ukikaa hapo, tuliambiwa, umekaa juu ya mvua, na mvua haishuki.

Basi nilitembea na fimbo. Mikono mitupu, kichwa kitupu. Na tumbo, siku nyingine, tupu vilevile.

Jirani yangu Sila alikuwa na ulimi. Alikuwa akinikuta nimekaa kigodani asubuhi, ananiamkia vizuri sana, anapiga goti kabisa.

"Mbukwa, mtemi. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini, mtemi? Au umekula heshima?"

Watu wanacheka. Nami nacheka, maana mtemi hakasiriki kwa maneno. Lakini nilikuwa naumia. Jioni nilikula mlenda usio na chumvi kama Sila, tofauti yetu ni kwamba mimi nilikula nimekaa juu.

Mwantum hakuwa wa kwetu. Baba yake, Zaidi, alikuwa mtu wa milima ya Kondoa, Mwislamu, mchuuzi. Alikuwa akishuka kwa njia ya Chemba na punda wake, amebeba asali na tumbaku, anarudi na chumvi ya mbugani. Mwaka mmoja punda wake alivunjika mguu karibu na kilima chetu. Akakaa kwangu mwezi mzima, yeye na bintiye aliyekuwa akimpikia safarini.

Zaidi alipenda majina makubwa. Aliniuliza, "Mtemi ni kama nani? Ni kama liwali?"

Nikamjibu, "Mtemi ni mtu ambaye mvua inamjua."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Nadhani jibu lile ndilo lililonipa mke. Mahari ilikuwa mbuzi, tena wa kuazima.

Siku ya kwanza Mwantum aliniletea maji ya kunawa. Alikuwa mfupi, miguu imara, anatazama mtu usoni.

"Ukiwa na kiu, mtemi, nani anakuchotea maji?"

"Mke."

"Na kuni?"

"Mke."

"Paa likivuja?"

Nikatazama paa.

"Basi," akasema, "nimekwisha kuelewa mtemi ni nini."

Akacheka. Ningependa kusema nilikasirika. Sikukasirika, nilimpenda hapohapo. Tukiwa wawili aliniita Madeje, jina langu tu, kama mtu anavyomwita mwenzake wa kuchunga. Mbele ya watu aliniita mtemi, lakini jicho lake moja lilikuwa linacheka.

Alifanya kazi zote. Paa la tembe ni udongo, kila mwaka lazima liongezwe. Alichimba udongo, akaukanda, akaujaza kwenye ungo mbovu, akapandisha kwa ngazi ya mti juu ya kichwa chake. Mimi nilikaa kigodani chini nikionyesha kwa fimbo. "Pale kushoto pamebaki." Naye anasema, "Nimepaona, mtemi." Mama yangu, aliyekuwa bado hai, alitutazama wote wawili.

Mwaka wa pili mama aliugua. Siku zake za mwisho alimtaka Mwantum peke yake. Walizungumza mlango umefungwa. Nilipomuuliza mke wangu waliongea nini, akanijibu, "Mambo ya nyumba." Sikuuliza tena. Nilidhani ni mambo ya vyungu.

Kisha reli ikaja.

Tulikuwa tumeisikia tangu ilipokuwa Kilosa. Walisema ni njia ya chuma, walisema inakula watu. Mwaka ule ikafika kwetu. Kuna mto wa mchanga ambao lazima ivuke, na Wadachi walitaka kujenga daraja la mawe. Mawe yanataka chokaa, chokaa inataka maji, na kiangazi maji yetu yako chini ya mchanga, mwendo wa saa nzima kutoka pale penye daraja.

Akida akapanda kilimani kwetu na askari wawili. Jina lake Athuman, mtu wa pwani, kanzu safi hata kwa vumbi lile. Hakuwa mtu mbaya. Ningefurahi kama angekuwa mbaya.

Watu wa tembe zote kumi na tisa wakakusanyika uani kwangu. Nikakaa kigodani. Nilivaa bangili. Akida akakaa juu ya sanduku lake, tukawa sawa kwa kimo, nami jambo hilo liliniuma.

Akasema, "Kila nyumba kichwa kimoja. Mwezi mmoja. Kubeba maji mpaka darajani. Atakayekosa siku moja, mwezi wake unaanza upya. Atakayekimbia, hamsa ishirini." Askari mmoja akatikisa kiboko chake ili tuelewe ishirini na tano za nini.

Karani hakuwepo, akida mwenyewe ndiye aliyeandika. Akaanza tembe ya mwisho akapanda. Sila akajitoa mwenyewe. Wengine wakatoa ndugu zao. Mwishoni akafika kwangu.

"Na nyumba hii?"

Baba yangu mdogo, mzee Chiwanga, akasema, "Hii ni nyumba ya mtemi."

Akida akaweka kalamu chini. "Mtemi tena."

"Ndiyo, bwana akida," nikasema. "Kichwa changu hakibebi."

"Tangu nitoke Kikombo nimekutana na watemi kumi na mmoja. Nchi hii kila kichuguu kina mtemi wake." Watu wakacheka kidogo, wakaacha. "Haya, nifahamishe. Kwa serikali mtemi ni nani? Ni jumbe?"

"Jumbe amewekwa na ninyi. Mtemi amewekwa na wazee."

"Jumbe ana barua. Barua yako iko wapi?"

Nikapiga kigoda kwa kiganja. "Hii."

Sasa walicheka askari wote wawili. Hata baadhi ya watu wangu. Akida hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama chungu kizuri kilichotoboka.

"Sikiliza, mzee," akasema, ingawa alinizidi umri. "Mimi kwetu najua watu wa ukoo. Baba yangu pia alikuwa mtoto wa fulani bin fulani, akafa hana hata mkeka. Sikukatazi utemi wako. Kaa nao. Wala sikwambii ubebe wewe. Serikali inataka kichwa kimoja katika nyumba hii. Kichwa kipi, shauri lako."

Akaishika tena kalamu.

Katika nyumba yangu tulikuwa wawili. Mama amekufa. Ndugu sina. Mwantum alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Niseme niliyokuwa nikiyafikiri, maana nimeyafikiri tena kila siku tangu hapo. Niliona mtungi juu ya kichwa changu mbele ya Sila. Niliona kifuku, majira yetu ya mvua, kinakuja bila mawingu na watu wananijia na fimbo. Mtemi mmoja upande wa kaskazini alifungwa juani siku mbili kwa sababu mvua ilikataa. Lakini kusema kweli, Sila ndiye niliyemwona kwanza.

Mwantum akatoka mlangoni. Akasimama pembeni yangu, si nyuma yangu.

"Mtemi," akasema kwa sauti ya kusikika, "una neno la kuwauliza wazee?"

Sikumwelewa. Nikamtazama. Jicho lake halikuwa linacheka.

Mzee Chiwanga akakohoa. "Neno likiulizwa hujibiwa," akasema, huku anatazama chini.

Nilidhani wananipima. Nilidhani wanataka kuona kama nitalegea mbele ya mtu wa pwani. Mtemi anayeuliza uani mwake mwenyewe, mbele ya kiboko, ni mtemi gani?

"Sina neno," nikasema.

Mwantum akangoja. Alingoja muda wa kutosha mtu kunywa maji. Halafu akarudi ndani, akatoka na ngata yake mkononi, ule mviringo wa majani makavu aliouweka kichwani chini ya mtungi.

"Andika Mwantum binti Zaidi," akamwambia akida.

Akida akanitazama tena. Kisha akaandika.

Nilikwenda mara moja tu kumwona. Ilikuwa siku ya tisa. Nilikwenda na kibuyu cha uji nimekishika mkononi, maana mkononi ruhusa. Nikasimama juu ya ukingo wa mto.

Walikuwa wamepewa madebe. Mtungi wa udongo una tumbo, unakaa vizuri kichwani. Debe ni la bati, chini yake bapa, pembeni kuna ukingo unaokata. Ngata ya majani inapondeka asubuhi, mchana haipo tena, na mnyapara hakumruhusu mtu kukaa kusuka nyingine. Walitembea wamenyoosha shingo, hakuna anayegeuka, maana ukigeuka maji yanamwagika, na yakimwagika safari hiyo haihesabiwi.

Mwantum akapita chini yangu. Shingo hakugeuza. Aligeuza macho tu. Maji yalikuwa yanamtiririka sikioni, na maji yale hayakuwa meupe.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake, mgeni kwetu, akamuuliza, "Yule mwenye fimbo ni nani?"

Nikamsikia akijibu, "Ni mtemi wetu."

Hakusema mume wangu.

Nilimpa kibuyu mwanamke mwingine ampelekee. Nikarudi nyumbani. Njiani watu wawili waliniamkia kwa goti.

Siku ya ishirini mtoto alitoka. Wanawake walimzika palepale, kwenye mchanga, juu kidogo ya mahali maji ya kifuku yanapofikia. Alikuwa wa kiume. Niliambiwa na Sila, aliyekuja usiku baada ya kazi kunieleza, na safari hii hakutania. Alisimama tu mlangoni na kofia yake mkononi.

"Amerudi?" nikamuuliza.

"Amerudi kazini," akasema. "Akikosa siku moja anaanza upya."

Mwezi ulipokwisha alirudi kwa miguu yake. Utosini alikuwa na kidonda chenye umbo la duara. Alichukua ngata, ile aliyojisukia siku ya mwisho, akaitundika kwenye kigingi ukutani. Akaketi chini. Nilitaka kusema jambo. Nikasema, "Mvua itanyesha."

"Itanyesha," akasema.

Nayo ilinyesha. Ilinyesha mwaka ule kama haijawahi. Uwele ulipita kichwa cha mtu. Watu walisema, mtemi wetu alisimama imara mbele ya akida, kichwa chake hakikubeba, tazameni mbingu. Waliniletea mavuno ya kwanza. Waliniletea hata paja la swala, sijui walimtoa wapi. Sila alipiga goti bila kuuliza nimekula nini. Tangu nizaliwe sikuwahi kuwa mtemi kama mwaka ule.

Kidonda cha Mwantum kilipona. Nywele hazikurudi.

Baada ya kuvuna tulipika pombe. Tulianza asubuhi, na jua lilipofika katikati wazee walikuwa wamelegea. Mzee Chiwanga alikaa karibu nami na kibuyu chake. Alikuwa analia, nikadhani ni pombe.

"Mwanangu," akasema, "kwa nini hukuuliza?"

"Niulize nini, baba mdogo?"

"Siku ile ya akida."

Nikamtazama.

"Ngata inawekwa juu ya kigoda," akasema. "Mtemi anasimama, anasema, naomba kubeba. Wazee wanasema, beba. Basi. Hapo mzigo si wake tena, ni wa kilima chote, na mvua haina neno. Babu yako alibeba. Mwaka wa njaa alibeba maji kwa wagonjwa, nimemwona kwa macho yangu nikiwa mdogo. Baba yako alibeba maiti ya kaka yake kutoka porini. Nani alisema mtemi habebi kabisa? Mtemi habebi bila kuuliza."

Sikumbuki nilishika nini. Nadhani nilishika mguu wa kigoda.

"Na mbona hamkuniambia?"

"Mtemi haambiwi." Akafuta pua. "Mtemi huuliza. Baba yako alikufa ghafla hajakufundisha, hilo najua. Lakini mama yako alijua. Na mkeo anajua. Tulipomsikia anakuuliza mbele ya watu tulishukuru. Tulikuwa na jibu mdomoni, sote wanne. Ukasema huna neno."

Nilisimama nikaondoka. Jua bado lilikuwa kali. Mwantum alikuwa uani anapepeta uwele. Kitambaa kichwani.

"Ulijua," nikasema.

Akaendelea kupepeta. "Nilijua."

"Mama alikuambia."

"Aliniambia. Akasema, mwanangu ana kiburi cha mtu asiye na ng'ombe. Siku ikifika msaidie kuuliza."

"Sasa mbona hukunieleza waziwazi? Mbona hukuniita ndani?"

Akaweka ungo chini. "Nilikuuliza mbele ya akida, mbele ya askari, mbele ya watu wako wote. Nilikuwa na mtoto tumboni. Ulitaka nikuulize mara ngapi?"

Nilikaa. Sikukaa kigodani, nilikaa chini. Akanitazama pale chini, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza, "Inuka, Mtemi. Watu watakuona."

Tangu siku ile hakuniita Madeje tena. Hata tukiwa wawili. Hata nilipougua nikadhani nakufa. Mtemi, kunywa dawa. Mtemi, geuka upande huu.

Nilijaribu. Siku moja nilimpokea mtungi njiani. Akaushika kwa mikono miwili. "Acha, Mtemi. Mvua itakataa." Siku nyingine nilichukua mzigo wa kuni nilipoona amechoka, nikautia kichwani hivyohivyo bila kuuliza mtu. Akaniondolea mbele ya majirani, akauweka kwake. "Si kazi yako, Mtemi." Hakuwa na hasira. Alinipa kile nilichokichagua, akanipa kila siku, akakijaza mpaka juu. Watoto hatukupata wengine.

Vita vikaja, Wadachi wakaondoka. Akida Athuman alipita kilimani kwetu wakati huo, kanzu imechanika, hana askari. Aliomba maji. Mwantum akampa. Akida alimwangalia kitambaa chake, akaniangalia mimi, akanywa.

Wakaja wengine nao wakaondoka. Utemi ukawa neno la kuwaambia wajukuu wa watu. Mzee Chiwanga akafa, na wale wazee wenzake watatu nao. Sila akafa. Gari la moshi linapita juu ya daraja lile kila siku, na kila likipita Mwantum alikuwa akiacha anachofanya mpaka limalize. Hakusema kwa nini. Sikuuliza. Nilikuwa mtu wa kutouliza.

Kiangazi hiki aliugua siku sita. Siku ya sita asubuhi nilimwambia, "Mwantum, niite jina langu." Alinitazama muda mrefu. Midomo ilikuwa mikavu. Akasema, "Maji." Nikamnywesha. Hakusema tena.

Wanawake walipokuja kumwosha walisema maji hayatoshi. Mtungi ulikuwa nusu. Nikaingia ndani nikaitoa ngata kwenye kigingi. Ilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka, nyepesi kama ganda la yai. Nikachukua na kigoda. Mchwa walikuwa wamekula mguu mmoja, nikakiegemeza ukutani, uani, nikaweka ngata juu yake.

Wanaume waliokuja msibani walikuwa wamekaa pale. Nikasimama mbele yao.

"Naomba kubeba," nikasema.

Wakatazamana. Silvano, mwana wa Sila, mtu mzima mwenye mvi, akainuka haraka. "Kubeba nini, babu? Kaa tu. Sisi tutachota."

"Naomba kubeba," nikasema tena.

"Babu amechanganyikiwa na msiba," mmoja akanong'ona. "Mpeni mkeka."

Nilingoja. Nilingoja muda wa kutosha mtu kunywa maji. Neno ni moja tu, beba, na pale uani hapakuwa na hata mmoja aliyelijua. Waliolijua nilikuwa nimewanyima nafasi ya kulisema.

Nikajitwika mtungi bila jibu. Nikashuka mtoni, nikachimba mchanga, nikachota kwa kata mpaka ukajaa. Shingo ilitetemeka njia nzima. Sikujua kwamba mzigo wa kichwani humfunga mtu macho mbele. Huwezi kutazama kando. Maji yakanishuka sikioni, yakaingia kifuani.

Nilipofika nyumbani, nusu ya maji ilikuwa imemwagika. Mwanamke mmoja akaupokea mlangoni, akatazama ndani yake.

"Hayatoshi, babu. Yako mengine?"

"Nitaleta," nikasema.

Ngata ilikuwa imepondeka. Nikauchana upindo wa shuka langu, nikauzungusha, nikaweka kichwani. Nikarudi mtoni.